Msiba wa Fukusi

Mkuu wa idara aliwaomba jambo moja tu wanafunzi wanne wa uzamivu waliopangwa kuzungumza na wale wanaomaliza shahada ya kwanza: wasiwatishe watoto wa watu. Mwaka uliopita walioomba kuendelea na utafiti walitosha kukaa benchi moja, na benchi lenyewe likabaki na nafasi. Basi watatu wa kwanza walisimama mbele ya ukumbi wakamwaga asali. Mmoja alionyesha picha za mikutano aliyoalikwa ng'ambo, na katika kila picha alikuwa anakula.

Wa nne ndiye aliyeitwa Dada Fukusi na idara nzima. Aliwalea fukusi, wale wadudu wanaotoboa mahindi ghalani, kwenye chupa zilizofunikwa kwa kitambaa, apate kujua ni mbegu gani ya mahindi inayowashinda. Mama yake aliwaambia wageni kwamba amemsomesha binti mpaka juu kabisa, na sasa binti anafuga kile ambacho yeye anakiua. Alilisema kwa kucheka, lakini alilisema kila alipokuja mgeni.

Siku hiyo Dada Fukusi hakumwogopa mkuu wa idara. Alimwogopa mdogo wake, aliyeketi safu ya tatu na kalamu mkononi. Mdogo mtu alikuwa anamaliza shahada ya kwanza. Kampuni ya bima ilikuwa imempa kazi na ilitaka jibu kesho yake. Idara nayo ilimwekea nafasi ya utafiti. Mama alitaka bima. Mwenyewe alitaka kwanza ukweli, na asubuhi wakivaa viatu alisema atauliza huko huko mbele za watu, maana nyumbani dada ana jibu moja tu, kwamba kazi inaendelea vizuri.

Na kweli, alisimama. Alijitambulisha kuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, utadhani hawalali chumba kimoja.

"Siku yako mbaya kuliko zote ilikuwa ipi?" aliuliza. "Na kesho yake ulifanya nini?"

Mkuu wa idara alikohoa. Dada Fukusi alikuwa na jibu la asali tayari mdomoni. Alitamani sana mdogo wake aje. Maabara ile ina upweke, na chupa hazisemi. Lakini kumwingiza mkenge ndugu wa damu si jambo la kufanya ukalala.

Kwa hiyo alisimulia. Mahindi ya kuwalishia fukusi hayaaminiwi hata kidogo: unatia kwanza wadudu wachache wayaonje, unangoja wiki, ndipo unawapa wengine. Siku hiyo chakula kiliisha, akapata dukani mahindi safi, hayana hata tundu. Akafurahi, yeye mfugaji mzima wa fukusi, akayamimina kwenye chupa zote bila kuyajaribu. Kumbe mwenye duka alishayatia dawa. Haraka haraka haina baraka, na aliporudi kuwaangalia, vizazi vyote alivyovilea vilikuwa chali. Ukumbi ulicheka, naye akawaacha wacheke. Kisha akasema kwamba alijifungia chumbani akalia, na watu wa nyumbani akawaambia ni mafua.

Mdogo wake hakucheka. Aliyakumbuka mafua yale. Ndiye aliyechemsha maji ya tangawizi.

"Na kesho yake?"

"Nilirudi nikawachekecha, nikawahesabu waliokufa, chupa moja moja."

"Ulitegemea kuna waliopona?"

"Hapana. Kazi ilishaharibika, na hesabu ile haikuwa na faida yoyote. Ila nisingeweza kuketi bila kujua."

Mdogo mtu alitikisa kichwa kuafiki, akaketi, akatia kalamu mkobani.

Walikutana mlangoni, wenzao wakiwa wamemzonga yule wa picha.

"Mimi ningewafagia, dada," alisema mdogo wake. "Ningewafagia nikalale."

Dada Fukusi akajua bima imeshinda. Ilimuuma, wala hakujidanganya kwamba haikumuuma, ingawa alijua jibu lile ni la haki. Walipokaribia nyumbani, mdogo wake alimwomba siku nyingine asiugue mafua.

Mama alikuwa uani na ungo mapajani, anachambua mahindi. Aliuliza kama kawaida yake kazi inaendeleaje. Mdogo mtu akainama kufungua viatu, akachukua muda mrefu kuvifungua.

"Ile mara niliyosema nina mafua, mama, fukusi wangu walikuwa wamekufa," alisema Dada Fukusi. "Niliwaua mwenyewe kwa dawa, bila kujua."

"Wote?"

"Wote."

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo. Fukusi mmoja alikuwa akitambaa ukingoni, na kidole gumba cha mama kilishamfikia.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana."

Kisha akaondoa kidole, akamwacha mdudu apite.