Askari wa Sikio la Kushoto

Hili haragwe? Ninalo mkononi tangu nimeamka, Nakijwa mjukuu wangu, na usinicheke. Usiku wa jana niliota niko ndani ya sikio langu la kushoto, nimevaa kandambili.

Si mnajua nililala na huzuni. Bibi yenu aliita chakula mara nne, sikusikia. Na nyumba hii hakuna anayegusa sahani kabla mkubwa hajaitika. Basi nyie mkasinzia na njaa, makande ya mahindi na maharagwe yakapoa, mimi huyo nje natazama kuku.

Sasa mle sikioni ni korido inazunguka kama konokono. Vinywele vimesimama mstari, kila kimoja na sauti yake. Cha sauti ya ngoma kimenenepa. Cha sauti ya bibi yenu kimekonda, kinatetemeka, na askari mzee anakitwanga rungu.

"We bwana, kimekukosea nini?"

"Kimetikisika," anasema. "Mimi askari wa mwili wako, nakamata vijidudu. Zamani nilikuwa nachagua. Siku hizi macho yamechoka, kinachotikisika napiga."

"Lakini kutikisika ndiyo kazi yake! Sauti ikiingia kinatikisika, ndipo nasikia."

"Hilo sikuambiwa."

Nageuka nikatafute mkubwa wake, kumbe korido imekuwa kikao cha urithi kule kwetu Usangi. Sanduku la nguo la marehemu baba linasoma majina.

"Kaka mkubwa, shamba la kahawa. Mdogo mtu, masikio ya baba."

"Nayarudisha," nasema.

"Hayarudi. Yanagawanywa kwa watoto na wajukuu."

Nikakuwaza wewe, Nakijwa, roho ikaniuma. Baba yuko pembeni, kiganja sikioni.

"Anasemaje huyo?"

"Anarudisha masikio!" sanduku linapiga kelele.

"Mwambie hata mimi nilimrudishia babu yake. Akajifanya hasikii."

Nafumba jicho, nafumbua, niko sikioni tena. Rungu liko juu. Kinywele cha bibi yenu kimepiga magoti. Mkononi nina sahani ya makande ya jana, yamepoa vilevile.

"Askari, tangu lini hujakaa chini?"

"Tangu umezaliwa. Miaka sabini na moja. Hakuna aliyenikaribisha."

"Basi karibu. Kaa, ule."

Analaza rungu, analikalia. Anang'ata haragwe moja, nusu, anatafuna taratibu.

"Chumvi imepungua," anasema.

Nikaamka. Juu ya mto, upande wa kushoto, haragwe hili hapa. Tazameni alama za meno, hata panya mchanga hana meno madogo hivyo.

Vinywele vilivyokufa vimekufa, siwadanganyi. Ndege siwasikii. Lakini ngoja, nyamazeni, bibi yenu huyo jikoni...

"Baba Elinami! Kiporo kimepata moto!"

"Naam, Mama Elinami! Tunakuja!"

Mmeona nani ameitika? Haya, naweni mikono. Sogeeni mkekani, Nakijwa kaa kulia kwangu, bibi yenu naye akae, asisimamesimame. Karibuni tule.

Mmh. Hebu nisogezee chumvi.