Tepe za Dole Gumba

Renata Pruski alilikumbatia tufe la marehemu baba yake kama anabeba mtoto aliyelala. Akavuka theluji, akaingia ukumbi wa boling, ule mchezo wa kurusha tufe liangushe pini, moja kwa moja hadi kwa fundi wa matufe, Anko Vendel.

"Alhamisi nacheza nafasi ya baba," alisema kabla hata ya salamu. "Nataka kucheza na hili hili."

Anko Vendel alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alijua habari hiyo. Kwenye ligi ya pale, mtu akifa katikati ya msimu, nafasi yake huchezwa na wa nyumbani kwake. Asipotokea mtu Alhamisi, wale wenzake wanne wa timu ya kiwanda cha karatasi wataweka mgeni, na jina la Pruski litafutwa ubaoni.

"Haya, tulitazame." Akaligeuza tufe chini ya taa. "Alhamisi wanapaka njia mafuta ya kati. Si mengi, si haba. Hili baba yako alilikwangua kwa msasa mkali, la njia zenye mafuta mengi. Huku litakamata mapema mno, likifika kwenye pini limeshachoka. Nitalilainisha kidogo, liteleze kwanza, lije likate kona mwishoni."

"Na matundu?"

"Hapo ndo kazi ilipo. Tufe ni kama meno ya bandia, mwanangu. Ya mwenzio hayakukai. Nayaziba yote matatu kwa gundi, yakikauka natoboa upya kwa mkono wako."

"Yote?"

"We unataka likuponyoke liue mtu?"

Renata hakucheka. Aliyatazama yale matundu. Kidole cha baba kilikuwa kinaingia pale. Duniani hapakuwa na mahali pengine palipobaki na umbo lake.

Akaikumbuka vuli nzima aliyokaa benchi la nyuma akila jibini la kukaanga, baba akirusha, tufe likidondoka puu! kabla ya mstari wa kurushia. "Baba, unarusha kama bibi wa kwaya!" alikuwa anapiga kelele. Watu wanaangua kicheko, na baba mwenyewe anacheka kuwashinda wote, ndani ya lile sweta lake zito ambalo hakulivua hata ukumbini kukiwa joto. Krismasi ndipo alipowaambia nyumbani kwamba anaumwa. Februari wakamzika.

"Ngoja kwanza nitoe tepe," alisema Anko Vendel, akachukua kisu chembamba. Kila mchezaji hubandika utepe ndani ya tundu la dole gumba ili dole likae vizuri. Utepe mmoja, labda mbili.

Ncha ya kisu ikagusa kingo za zile tepe, moja juu ya nyingine. Midomo ya Anko Vendel ikawa inacheza, kisha ikasimama.

"Nini?" Renata aliuliza.

"Kumi na moja."

"Nyingi?"

Fundi akavuta kiti, akakaa. "Tepe hizi nilikuwa namuuzia baba yako mimi. Kila mara pakiti nyingine. Namuuliza, we Kazimir, unazila? Ananiambia anawagawia wenzie." Akajipapasa dole lake mwenyewe. "Kumbe dole lilikuwa linakonda, linaisha."

Renata alihesabu kimoyomoyo. Kumi na moja. Tangu lini? Tangu kiangazi? Na yeye pale benchini, mdomo umejaa jibini.

"Nilimcheka, Anko."

"Tulimcheka wote."

Renata akaliingiza dole gumba lake kwenye tundu. Alitegemea lipwaye. Likaingia taratibu, likabanwa pande zote, likakaa. Dole la baba, lile nene la kuvunjia njugu, mwishoni lilikuwa sawa na lake.

"Usizitoe," alisema. "Ziba hayo mawili ya mbele. Hili liache."

"Inawezekana. Lakini utepe unachakaa, Renata. Kufika Aprili zitaanza kubanduka zenyewe."

"Najua."

Anko Vendel akanyoosha rula juu ya tufe, akampima kutoka gumba hadi vidole, akaandika kwenye karatasi. Akawasha mashine ya kulilainishia tufe.

"Haya, toa mkono nianze kazi."

Renata hakuutoa; dole lake lilikuwa bado ndani ya tundu la baba. Mashine ilinguruma kidogo, kisha Anko Vendel akaizima, akakaa tena kwenye kiti chake, akasubiri.