Kompyuta ya Vitufe vya Mpira

Mtaani walimwita Mzee Waya, na yeye hakuona ubaya wowote. Alikuwa fundi wa simu tangu ujana hadi alipostaafu, na baada ya kustaafu, badala ya kufuga kuku au kufungua duka kama wenzake, akaanza kukusanya kompyuta za zamani. Hakuzitaka hizi za juzi. Alizitaka zile za mwanzo kabisa kuingia majumbani, ambazo mashine yote ilikuwa kibodi nene tu, unaichomeka nyuma ya televisheni ya sebuleni, halafu programu unaiingiza kwa kaseti kama unavyocheza muziki.

Alizitoa kulikokuwa kumetupwa vitu: stoo za shule, ofisi zilizohama, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zilifika na vumbi lake na mayai ya mijusi, na moja ilikuwa na panya aliyezaa humo ndani. Chumba walicholala watoto kabla ya kuoa na kuolewa kilijaa mpaka dirisha likawa halifunguki.

Mkewe alivumilia, lakini hakuvumilia kimya kimya. "Wenzangu wanaletewa mke mwenza mmoja," alikuwa akiwaambia majirani. "Mimi nimeletewa ukoo mzima, na hakuna hata mmoja anayejua kuosha vyombo."

Lakini moja ndiyo iliyokuwa ikimkosesha raha, nayo hakuwa nayo. Ilikuwa kompyuta ya utotoni mwao, yeye na mdogo wake wa kike. Baba yao alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya kujenga barabara, na mhandisi mmoja alipomaliza mkataba wake alimwachia vitu asivyoweza kubeba: kiti cha kuzunguka, feni, na boksi lenye mashine nyeusi yenye vitufe vya mpira, laini kama ufizi wa mtoto. Baba alidhani ni taipureta iliyokosa sehemu ya kuwekea karatasi. Mwanawe ndiye aliyesoma vijitabu vilivyokuja nayo akagundua ni nini.

Pamoja na mashine kulikuwa na rundo la magazeti ya wapenzi wa kompyuta. Siku hizo mchezo haukununuliwa, uliuandika mwenyewe. Gazeti lilichapisha programu ukurasa mzima, mistari yenye namba, na ukiichapa yote bila kukosea hata mkato mmoja, ulipata nukta inayokimbia kwenye kioo cha televisheni, ukaifukuza kwa nukta nyingine. Leo mtoto hata hawezi kuitazama. Kwao ilikuwa maajabu.

Lakini kijana hakuweza kutazama gazeti na vitufe kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mdogo wake alikaa pembeni, gazeti mapajani, akamsomea. "Mstari wa kumi. Mabano fungua. Nukta pacha. Mabano funga. Mstari wa ishirini." Alisoma haraka, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na kaka yake akambandika jina: Kasuku. Jina likaganda. Alipokuwa mtu mzima, mama wa watoto na mwenye duka la mapazia, bado kulikuwa na watu waliomjua kwa jina hilo tu.

Ilikuwa lazima wamalize kabla ya taarifa ya habari, maana baba akirudi televisheni ilikuwa yake. Wakichelewa, waya ulichomolewa kabla hawajahifadhi kwenye kaseti na kazi yote ikapotea. Walilia, kesho yake wakaanza upya. Mzee Waya alipokumbuka siku hizo, alijiona hajawahi kuishi mchana mtamu kama ule. Mashine yenyewe ilibaki kwa jirani baba alipohamishwa kikazi, na jirani naye akahama.

Mwaka aliotimiza miaka mitatu ya kustaafu, mnunuzi mmoja wa chakavu akampigia simu. Chuo cha uhazili kilikuwa kinafungwa, na chini ya rundo la taipureta kulikuwa na kitu chenye vitufe vya mpira. Mzee Waya hakumaliza hata chai.

Ilikuwa yenyewe, si ile ya baba, lakini ya aina ileile, pacha wake. Aliifungua kwa bisibisi ndogo, akabadilisha kapasita zilizovimba, akasafisha bodi kwa spiriti, akalehemu nyaya mbili zilizokatika. Utepe wa chini ya vitufe ulikuwa umekauka ukapasuka kama jani, akahangaika nao hadi alipopata mwingine kutoka kwenye mashine mbovu. Siku ilipowaka, kioo cha televisheni kiligeuka cheupe na mstari mdogo wa maandishi ukatokea chini. Akamwita mkewe kwa kelele, mama wa watu akaja mbio na mwiko mkononi akidhani kuna moto.

"Sasa inafanya nini?" mkewe aliuliza baada ya kutazama kwa muda.

"Inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Kuambiwa cha kufanya."

"Kumbe ni wewe mtupu," mkewe alisema, akarudi jikoni.

Mzee Waya alimpigia dada yake. Walikuwa wakionana zaidi kwenye misiba na harusi, kama ilivyo kwa ndugu wengi wenye shughuli.

"Dada, njoo Jumapili. Kuna kitu nataka ukione."

"Kaka, kama ni ugonjwa nieleze sasa hivi, usinizungushe."

"Siumwi! We njoo tu."

Jumapili hiyo alifagia chumba kwa mkono wake. Mashine akaiweka juu ya meza, televisheni ya mgongo mkubwa mbele yake. Alikuwa amepata na gazeti la siku zile, limeliwa na mende pembeni lakini ukurasa wa programu ulikuwa mzima. Akapanga viti viwili, chake mbele ya vitufe, na kingine pembeni kidogo, na gazeti akaliweka juu ya kiti hicho. Alitaka kila kitu kiwe kilivyokuwa.

Dada yake alipoingia alisimama mlangoni, mkoba bado begani. "Haa," alisema taratibu. "Hiki kidude!" Akasogea, akabonyeza kitufe kimoja kwa ncha ya kidole, kisha kingine. Uso wake ulilainika hata kaka mtu akaona mbele yake msichana wa zamani. Kisha akavitazama viti.

"Mimi nakaa wapi?"

"Palepale pako!" Mzee Waya alisema kwa furaha. "Kamata gazeti. Twende."

Dada yake alikaa, akavaa miwani. "Mstari wa kumi," alisoma. Kaka akachapa. "Mstari wa ishirini. Mabano fungua." Akachapa, anacheka peke yake. Walipofika mstari wa thelathini sauti ilikoma. Alipogeuka aliona dada yake amelifunga gazeti.

"Nimechoka, kaka."

"Umechoka na mistari mitatu? Zamani ulikuwa unamaliza ukurasa bila kumeza mate."

"Zamani pia nilikuwa nachoka."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa. Mzee Waya akacheka kidogo, hajui acheke nini. "Lakini tulifurahi, dada. Au siyo?"

"Wewe ulifurahi. Mimi nilifurahi siku ulizokwenda mpirani." Akavua miwani. "Ukitoka tu, nilikuwa nakaa hapo ulipo. Nilijifunza kwa yale niliyokuwa nakusomea. Nikatunga programu yangu, si ya gazeti. Ilikuwa nyumba. Inakuuliza jina lako, halafu ukibonyeza namba dirisha moja linawaka. Nilichukua wiki nyingi. Nikaihifadhi kwenye kaseti."

"Hukuwahi kunionyesha."

"Nilikuwa nataka kuimalizia mlango. Halafu ukarekodi muziki juu yake."

"Sikujua ilikuwa yako."

"Kaka, kaseti ilikuwa na jina langu. Ulilikata kwa kalamu, ukaandika 'Muziki'."

Mzee Waya angeweza kuachia hapo, lakini moyo ulikuwa umeshashtuka, akauliza kama kuna jingine. Dada yake aliuweka mkoba chini.

"Unamkumbuka mjomba alipokuja, yule aliyefundisha chuo cha ufundi? Alikuja kutazama nani apelekwe chuoni kwake. Alikuambia, nasikia na binti naye haondoki kwenye mashine, na yeye vipi? Mimi nilikuwa naleta chai. Ukamwambia, huyo ni kasuku tu, mjomba, anasoma asichokielewa. Mjomba akacheka hadi akaweka kikombe chini. Baba akacheka. Na mimi nikacheka, maana ningefanya nini na sinia mkononi?"

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Sikumbuki. Wallahi sikumbuki kabisa."

"Najua. Ungekuwa unakumbuka usingeniwekea kiti hapa."

Jikoni mkewe alikuwa ameacha kugonganisha vyombo. Mzee Waya ndiye aliyekwenda chuo kile, akatoka fundi, akajenga nyumba hii kwa kazi ile. Miaka yote alijua kwamba alichaguliwa kwa sababu alikuwa bora. Hakuwahi kujiuliza bora kuliko nani.

"Mbona hukusema kitu?" aliuliza mwishowe.

"Nimwambie nani? Na wewe ulikuwa mtoto. Sikusomei mashtaka, kaka. Maisha yangu si mabaya. Duka limesomesha watoto, namshukuru Mungu. Na huenda ningefeli. Huenda ningerudi nyumbani muhula wa kwanza. Sijui. Hicho ndicho kinachonikera, kwamba sijui na sitajua."

Mzee Waya alisimama ghafla, akavuta kiti chake nyuma. "Kaa hapa. Kaa wewe. Mimi nisome."

Dada yake alikitazama kile kiti, halafu akamtazama yeye, na akacheka kicheko cha huruma kilichomuuma kuliko kama angemtukana. "Sasa? Sasa hata uzi kwenye sindano natungiwa. Wacha nikanywe chai na wifi yangu."

Akatoka. Mzee Waya aliwasikia wakicheka jikoni kwa habari nyingine. Yeye alibaki na kioo cheupe, mistari mitatu imeandikwa, na mashine inasubiri.

Dada alipoondoka, mkewe alikuja kuegemea mlango. "Nilisikia," alisema. "Ndiyo mambo yalivyo, baba. Mtenda husahau, mtendewa hasahau."

"Unadhani ananichukia?"

"Angekuchukia asingekuambia."

Kesho yake alifungua masanduku yaliyotoka kwa wazazi baada ya msiba wa baba. Kaseti zilikuwemo, nyingi zimeota ukungu. Aliipata. Neno 'Muziki' liliandikwa kwa majigambo, na juu yake jina lililokatwa kwa mstari mnene, lakini bado likisomeka. Angeliona wakati wowote kama angetazama.

Aliicheza. Nyimbo zikapita, na kati ya wimbo na wimbo sauti yake ya ujana ikijifanya mtangazaji wa redio, inajisifu upuuzi. Alisikiliza hadi mwisho. Wimbo wa mwisho ulikatika, kimya kikapita, halafu ikasikika milio ile mikali ya programu, kama wadudu elfu kwenye kopo. Ikadumu kidogo, kaseti ikaisha.

Alichomeka kinasa sauti kwenye mashine. Akasafisha kichwa cha kusomea, akapandisha sauti, akaishusha, akarudia tena na tena hadi mkewe akaja kumtaka ale. Mashine haikupokea kitu. Fundi mwenyewe alijua sababu: kilichobaki kilikuwa mkia, na programu haianzii mkiani.

Alikwenda dukani kwa dada yake mchana wa kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkuta akikata kitambaa cha pazia juu ya meza ndefu.

"Niliipata kaseti," alisema bila hata salamu. "Imebaki sehemu ya mwisho tu. Haifunguki."

Mkasi ulisimama. "Sehemu ya mwisho ilikuwa madirisha," dada yake alisema, kisha akaendelea kukata.

"Nisamehe, dada."

"Nilishakusamehe zamani. Lakini bado inauma, nisikudanganye." Akamwona anafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Na usinililie dukani. Wateja watadhani nimepandisha bei."

Baada ya hapo Mzee Waya hakununua mashine nyingine. Mnunuzi wa chakavu alipiga simu mara kadhaa, kisha akaacha. Nyingine alizigawa kwa wakusanyaji wenzake, dirisha likaanza kufunguka, na mkewe akarudisha humo kitanda cha wageni. Ile ya vitufe vya mpira ilibaki, imefunikwa kitambaa. Hakuiwasha tena.

Dada yake alianza kuja mara kwa mara. Chumbani hakuingia, walikaa barazani. Siku moja kaka alianza, kwa mazoea, "Unakumbuka siku zile tulipo..." Akajikata mwenyewe. Akafikiri, kisha akauliza swali ambalo katika umri wao wote hakuwahi kumuuliza.

"Dada, ulipokuwa mdogo ulitaka kuwa nani hasa?"

Dada yake aliweka kikombe chini. "Rubani," alisema.

"Rubani? Wa ndege?"

"Kwani kuna wa baiskeli? Kompyuta ilikuwa ya pili."

Walicheka wote wawili, mkewe naye akatokea mlangoni kuuliza kuna nini. Mzee Waya alicheka hadi machozi. Kisha kicheko kikamwishia kabla ya wenzake, na akawa anamtazama dada yake, ambaye aliishi naye nyumba moja utoto mzima, akijaribu kukumbuka kama aliwahi hata mara moja kumwona akitazama juu angani.