Vipande Vitatu vya Ndala

Kila asubuhi, kabla hajaonja hata maji, mwalimu alijifungia bafuni na kujipunguza. Alivua hereni, akavua saa, akavua na pete ya ndoa. Akabaki na miwani na upande mmoja wa khanga, akashusha pumzi yote, kana kwamba hewa nayo ina kilo, ndipo akapanda mizani.

Sitini na tisa.

Alikuwa bado anatabasamu mlango ulipogongwa kwa ngumi.

"Wifi! Umelala humo? Wenzako tumebanwa!"

Alishtuka, akashuka vibaya, kisigino kikaibinua mizani. Kutoka kati ya bati la juu na la chini vikadondoka vipande vitatu vya mpira wa ndala, vya buluu, vyembamba kama maganda ya kiazi.

Alivitazama. Akairudisha mizani sakafuni, akapanda tena, safari hii akisahau kushusha pumzi.

Sabini na nne.

"Wifi, nitaaibika hapa mlangoni!"

"Natoka," alijibu, akavifunga vipande kwenye pindo la khanga.

Mwaka Mpya ulimkuta na kilo sabini na nane. Siku hiyo aliapa mbele ya mama mkwe, akaandika nyuma ya daftari lake la shule: kupunguza kilo kumi na mbili, mwezi mmoja. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, angerudi tarehe thelathini na moja. Desemba alikuwa amemtumia picha, naye mume akampigia simu akicheka: "Huyu ni wewe, au umemmeza jirani?" Mwalimu akacheka naye. Simu ilipokatika alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka chai ikapoa. Tangu tarehe moja alikula tango, yai moja, na chai isiyo na sukari, kisha akaruka kamba mara mia tatu nyuma ya nyumba. Kila mama mkwe alipomsogezea sahani, jibu lilikuwa lile lile: "Nimeshiba, mama."

Leo ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na tatu. Kumbe kilo tano kati ya tisa alizozishangilia hazikuwahi kuondoka! Sasa alielewa kwa nini sketi yake ya kazini iligoma kulegea.

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini yeye pale bafuni alikuwa na upande mmoja tu wa khanga, usioweza kukificha. Nyumba ilikuwa na wanawake watatu tu, na mmoja ni yeye mwenyewe.

Alianza na wifi, ambaye mtaani walimwita Redio kwa kuwa hazimi. Ndala zake zilikuwa mlangoni, za buluu. Mwalimu alizigeuza huku na huku kama anayekagua kucha za wanafunzi. Nzima kabisa. Akapita jikoni akiangalia chini, na nyuma ya mlango akaona ndala kuukuu za mama mkwe. Ya kushoto ilikuwa imekatwa kisigino, tabaka baada ya tabaka, kwa mkono uliozoea kisu.

Damu ikamchemka. Mama mkwe alikuwa amepima magunia ghalani miaka thelathini, na wafanyabiashara walimwita Mama Mizani. Hakuna mgeni aliyewahi kuondoka bila kusimuliwa jinsi alivyomfukuzisha kazi karani aliyechomeka mpira chini ya bati la mizani ili magunia yasome pungufu. Sasa mwalimu alikumbuka lile swali la kila asubuhi, "Leo imesemaje?", na jinsi bibi yule alivyouliza huku macho yake yakiwa kwenye sufuria. Bila shaka alitaka mwanawe arudi amkute mke amesimama mlangoni akijiona unyasi, kumbe bado pipa.

Akasogea kwenye meza waliyokuwapo mama mkwe na wifi, akavipanga vipande vile juu yake.

Redio aliacha kutafuna mkate. "He! Hiyo si ndala ya mama?"

"Wewe, nenda kaanue nguo," mama mkwe alisema.

"Nguo zipi? Hatujafua."

"Basi kafue."

Redio alitoka, lakini nyayo zake hazikusikika zikifika mbali.

"Ulitaka nichekwe, mama?" Sauti ya mwalimu ilikuwa ndogo kuliko alivyokusudia.

"Miaka thelathini sijaiba hata gramu," mama mkwe alisema. "Hii ndiyo ya kwanza. Uliapa hutakula mpaka ufike sitini na sita. Nikaona, acha nikufikishe. Kila Jumapili kipande kimoja. Juzi nimekukuta umeng'ang'ania ukuta wa korido, unaniambia unatafuta kiberiti. Kiberiti, ukutani?"

Mwalimu alitaka kubaki na hasira yake, lakini ilikuwa ikimponyoka. "Sasa bado kilo nane. Na siku nane."

"Umepungua kilo nne za kweli kwa wiki tatu. Ghalani gunia likipungua hivyo tunatafuta panya! Kupungua si vibaya, mkwe. Kilo mbili kwa mwezi zinatosha, na kamba uruke, lakini si kwa tumbo tupu." Akaifunika sufuria. "Ni mwanangu? Alisema nini?"

Mwalimu akamwambia. Maneno ya jirani aliyemezwa, yakisemwa pale jikoni mchana kweupe, hayakuchekesha hata kidogo. Nyuma ya mlango mtu alisonya.

"Akirudi nitampandisha yeye kwenye mizani," mama mkwe alisema. "Tena bila mpira."

Kisha akamsogezea sahani ya viazi na mayai, kama kila siku, bila kumtazama usoni. Vidole vyake havikuuachia ukingo wa sahani. Mwalimu aliviona, na ndipo alipogundua kwamba bibi huyu, wiki zote tatu, alikuwa akiogopa.

Jibu la kila siku lilimfikia hadi kwenye meno. "Nime..."

Akalimeza.

"Mama," alisema, "nina njaa. Nina njaa tangu tarehe moja."