Baiskeli ya Katekista Tharsisi

Tharsisi alipewa baiskeli kwa sababu ya kuchoma miungu. Sisemi hivyo kwa kumcheka, ndivyo ilivyokuwa. Mwaka sabini na nne, tulipohamishiwa kijiji kipya huku Kumsenga, katekista wetu huyu alipita nyumba kwa nyumba akikusanya hirizi, pembe na vibuyu vya mizimu, akaviteketeza mbele ya kanisa. Moshi ulitutoa machozi wote, waliotubu na wasiotubu. Padri alifurahi, akamletea baiskeli mpya kutoka Kasulu.

Baiskeli ikalala ndani, chumba cha mbele, imefunikwa kitambaa ambacho mkewe Valeria alikuwa amekifuma kwa ajili ya altare. Mbuzi wakahamishiwa jikoni. Kila Jumamosi Tharsisi aliipaka mawese kwa unyoya wa kuku, spoku moja baada ya nyingine, na wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Mama yake Valeria, bibi aliyechomewa kibuyu chake, alikuwa akikaa mlangoni akimtazama mkwewe.

"Mizimu yetu ilitosheka mara moja kwa mwaka," alisema.

Jumapili Tharsisi aliisukuma hadi kanisani. Hakuipanda, maana njia ina mawe. Akatuhubiria kwamba sanamu utaijua kwa jambo moja tu: haiwezi kukubeba, wewe ndiye unayeibeba. Yalikuwa mahubiri mazuri sana. Mimi mwenyewe niliitika amina.

Basi mwezi wa Novemba, siku ya Jumatatu, jembe likamkata Valeria mguu shambani. Kesho yake ulikuwa umevimba hadi gotini. Mvua ilikuwa bado, barabara ya kwenda hospitali ya Kibondo ilikuwa kavu. Mimi Pasikali, jirani yao, nilimwambia Tharsisi ampakie mkewe kwenye keria ampeleke.

"Valeria ni mzito," akasema. "Spoku zitakatika. Tumwombee kwanza."

Tukamwombea Jumanne, tukamwombea Jumatano. Nadhani Mungu alitusikia, ila alikuwa ameshatoa baiskeli.

Alhamisi Valeria akaanza kuweweseka kwa homa, na mvua ikaanza kunyesha. Tukafunga machela ya miti na blanketi, wanaume wanne tukaibeba. Tharsisi akatoka nyuma yetu na baiskeli. Kuiacha hakuweza, mlango wake hauna kufuli. Kuisukuma hakuweza, matope yangejaa kwenye cheni. Akaitia begani.

Tukaenda hivyo asubuhi nzima. Tulipopita duka la Abdulrahmani, lililo kando ya barabara, mwenyewe alitoka kibarazani kutupa pole. Akatutazama sisi, akamtazama aliyekuwa nyuma yetu.

"Poleni sana," akasema. "Mna wagonjwa wawili?"

Nilitaka kucheka, nikaona aibu, kisha nikashikwa na hasira ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Kwenye mteremko wa mbele mwenzetu Marcel akateleza, akateguka mguu. Tukabaki watatu, na machela haiendi kwa watu watatu.

"Katekista, ingia hapa," nikamwambia.

"Nitaiweka wapi?" akauliza. "Hapa pote ni matope."

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli, alitaka tumsaidie mawazo.

Ndipo Valeria akasema kutoka ndani ya blanketi, "Nishusheni." Tukadhani ni homa, lakini tukaishusha machela. Akajikokota, akashika bega langu, akasimama matopeni kwa mguu mmoja.

"Baba Longinus, ilaze hapo kwenye machela," akamwambia mumewe. "Umechoka. Mimi nitatembea."

Tharsisi aliitupa baiskeli mtaroni. Akamrudisha mkewe kwenye blanketi kwa mikono yake mwenyewe, akaingia chini ya mti wa mbele wa machela, na hakukubali kupokewa mpaka Kibondo. Daktari aliuokoa mguu, ila vidole viwili vilibaki hukohuko. Aliuliza kwa nini hatukuja Jumanne.

Siku hizi kisa hiki kinasimuliwa vizuri kijijini: katekista aliitupa sanamu yake kwa ajili ya mke. Hata padri amekihubiri. Ni kweli aliitupa, niliisikia kengele ikilia ilipoanguka. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu. Valeria aliposema yale maneno, Tharsisi kwanza aliitazama machela, akaitazama baiskeli, akaitazama machela tena, akipima urefu. Na Valeria alikuwa akimtazama yeye.

Baiskeli tuliikuta palepale mtaroni, mtu mwema ameifunika majani ya mgomba. Kitambaa kimerudi kwenye altare. Kila Jumapili Tharsisi humtolea mkewe baiskeli mlangoni, amefunga mto kwenye keria, na humsihi apande.

"Asante, Baba Longinus," Valeria humjibu kwa upole. "Spoku zitakatika."

Kisha huenda kanisani kwa miguu, akichechemea, na mumewe huisukuma baiskeli tupu nyuma yake.