Joho la Bi Kishindo

Kuna watu wanaofungua duka kwa kufagia, na kuna Fundi, aliyefungua lake kwa kulalamika. Alikuwa mshonaji wa suruali na sare za shule, mtu wa makamo, futi kamba shingoni na miwani kwenye ncha ya pua. Mteja akishasimama mbele ya kioo na mikono kainyoosha apimwe, hana pa kukimbilia. Hapo ndipo Fundi alipomhubiria habari za Bi Kishindo.

Bi Kishindo, kwa asiyemjua, ni shujaa wa vitabu vya katuni. Mchana anatengeneza piano za watu, kazi inayotaka utulivu. Giza likiingia, akipiga mguu chini ardhi inatikisika na majambazi wanaanguka chali. Mgongoni ana joho la rangi ya chungwa lenye kiraka begani, kiraka alichokitia mama yake kwa kipande cha pazia la jikoni. Fundi alianza kumsoma angali mtoto wa kuchubuka magoti, na kila toleo alilihifadhi ndani ya makasha chini ya meza ya kukatia. Wateja walimbandika jina la Toleo la Kwanza. Walidhani wanamtania, yeye alilipokea kama cheo.

"Siku hizi wameharibu," alisema, chaki mkononi. "Kila mwaka wanaanza upya namba moja, kama vile sisi tuliosoma zamani tulikuwa tunacheza. Shujaa anakufa mwezi huu, mwezi ujao kafufuka, hata matanga hayajaisha. Ukitaka kuelewa kitabu kimoja, lazima usome vingine sita. Geuka."

Mteja aligeuka.

"Na filamu ndiyo usiseme. Giza mwanzo mpaka mwisho, utadhani umeme umekatika. Mtu kafiwa na mama yake, mwenzake pembeni anatia mzaha. Halafu ikiisha unaambiwa usiondoke, kuna kipande kingine baada ya majina. Unakaa pale kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo. Mfuko wa nyuma niweke mmoja au miwili?"

Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumsikiliza Fundi mpaka mwisho na bado akarudi kesho, naye ni mdogo wake, fundi wa lifti. Fundi ndiye aliyemfundisha kusoma, wawili kitanda kimoja, kidole kikifuata maneno ndani ya vile viputo vinavyotoka midomoni mwa mashujaa. Walipokua walijiwekea utaratibu wao. Filamu mpya ikitoka wanakwenda siku ya kwanza, wanakaa safu ileile ya katikati, ndani hawasemi neno. Wakishatoka wanasimama kando ya barabara. Kaka anaanza na makosa, mdogo anajibu kwa sifa, na hawaondoki mpaka mlinzi wa ukumbi awaambie anafunga geti.

Utaratibu huo ulidumu mpaka ilipotoka filamu ya Bi Kishindo mwenyewe.

Walimvua joho. Ndiyo, walimvua! Wakamvika suti nyeusi inayong'aa kama tairi jipya, bila kiraka, bila hata uzi wa rangi ya chungwa.

"Mimi naona afadhali, kaka," mdogo wake alisema pale kando ya barabara. "Lile joho lilikuwa la kijinga. Nani anapigana na pazia mgongoni?"

"Wewe! Nilikufundisha kusoma kwa joho hilohilo!"

"Ndiyo maana mpaka leo siwezi kusoma kitu kingine."

Ulikuwa utani, na siku nyingine Fundi angecheka. Siku hiyo hakucheka. Alisema kwamba mtu anayeshinda ndani ya lifti, anapanda na kushuka na hafiki popote, hana haki ya kuhukumu sanaa. Mdogo wake alimtazama kidogo, akavaa kofia yake, akaondoka. Mlinzi alishangaa kufunga geti mapema.

Tangu siku ile mvua zilianza zikaisha. Hakuna simu, hakuna salamu. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze, na ukaidi mama yao aliwagawia sawasawa, hakumpunja mtu.

Basi siku moja akaingia dukani shemeji yake, mke wa yule mdogo, kamshika mkono binti yao wa miaka minane. Shuleni kulikuwa na onyesho. Kila mtoto alitakiwa avae kama mtu wa kwenye hadithi.

"Baba yake kasema awe Bi Kishindo," shemeji alisema. "Kasema wewe ushone unavyojua."

"Kasema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Na mimi naongeza langu, shemeji. Wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nimelima mpaka shamba limeisha. Pataneni, nami nibebe kapu."

Binti alifumbua mdomo kutaka kusema jambo. "Simama wima, mwanangu," Fundi alimwambia, akampitishia futi kamba shingoni, na neno likaishia hapohapo.

Walipoondoka, Fundi aliyageuza maneno yale juu chini. Ushone unavyojua. Ni amani au ni mtego? Alivyojua yeye ni joho, kiraka na rangi ya chungwa. Angeshona vile, binti angependeza kweli, lakini itakuwa kama kumtumia mtoto kumjibu baba yake. Na Fundi hakutaka tena kumjibu. Alimtaka mdogo wake. Alikiri hivyo mwenyewe, kwa sauti, mbele ya cherehani, na cherehani haikumcheka.

Akaamua kumeza kiburi. Angeshona ile suti ya tairi.

Tabu ikawa moja: hakukumbuka ilivyoshonwa, maana kwenye filamu ile nusu ya muda alikuwa kafumba macho kwa hasira. Akalazimika kurudi kuitazama. Alikwenda mchana, kofia kaishusha mpaka kwenye miwani, kama mtu anayeingia mahali pasipomfaa. Akakaa safu ya katikati na kuhesabu mishono. Filamu ilikuwa mbaya vilevile. Utani ulikuja palepale pasipotakiwa, giza likawa lilelile, na kila alipoona kosa alijikuta anageukia kiti cha pembeni kumpiga mwenzake kiwiko. Kiti kilikuwa kitupu. Hata ubaya wa filamu ulimpotelea ladha. Baada ya majina alikaa kungoja kile kipande cha mwisho, akakitazama, akatoka, akasimama kando ya barabara dakika kadhaa asijue afanye nini na makosa yote aliyoyakusanya.

Alishona kwa moyo wote, mtu asije akasema alilipua kazi kwa sababu ya kinyongo. Siku ya kuchukua nguo ilipofika, suti nyeusi ilikuwa imening'inia mlangoni, zipu iliyofichwa, lastiki viunoni, inang'aa hata mwenyewe hakupenda kuitazama.

Shemeji aliingia na binti. Nyuma yao, kizingitini, alisimama mdogo wake na kifurushi kwapani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu ndani, unazuia mwanga."

Mdogo mtu aliingia. Aliiona suti, akasimama. "Hii nini?"

"Bi Kishindo. Wa kwenye filamu."

"Joho liko wapi?"

"Si ulisema la kijinga?"

"Nilisema ushone unavyojua!" Alifungua kile kifurushi kwa hasira, akakitandaza juu ya meza ya kukatia. Lilikuwa joho la rangi ya chungwa. Pindo lilipanda na kushuka, nyuzi nene zilikwenda mrama, upande mmoja mrefu kuliko wa pili. Begani palikuwa na kiraka cha pazia.

Fundi alivua miwani, akaivaa tena. "Nani kashona hili?"

"Mimi."

"Kwa sindano?"

"Wewe ulitaka nishone kwa bisibisi? Nilinunua hata vile vitabu vipya nione kiraka kinakaa bega gani. Kitabu kimoja bega la kulia, kingine la kushoto, cha tatu hakuna kiraka. Kaka, vitabu vya siku hizi vibovu!"

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia! Halafu wewe uliyeniambia ndiye unashona takataka hii!"

"Usiitukane. Mshono huu umekaa mwilini. Huwezi kukimbia na joho, litanasa mlangoni."

"Litanaswa na nini? Bi Kishindo bila joho ni fundi piano tu!"

"Afadhali fundi piano anayeweza kukunja magoti!"

Wakaendelea hivyo, kaka akiitetea filamu na mdogo akikitetea kitabu, kila mmoja kashika bendera ya mwenzake na hakuna aliyegundua. Shemeji alijikalia zake kwenye benchi la wateja. Alikuwa amengoja kelele hizo tangu kabla ya mvua.

"Mimi sitaki kuwa Bi Kishindo," binti alisema.

Wote wawili walimgeukia.

"Nilitaka kusema tangu siku ile nikabanwa shingo. Mimi nataka kuwa Mwizi wa Sauti."

Mwizi wa Sauti ndiye adui mkubwa wa Bi Kishindo. Ni bibi mmoja mrefu anayeiba sauti za watu na kuzifungia kwenye chupa.

"Haiwezekani!" ndugu wawili walisema kwa pamoja.

"Kwa nini? Bi Kishindo kila siku ana huzuni. Kwenye kitabu ana huzuni, kwenye filamu ana huzuni. Mashujaa wote siku hizi wananuna tu. Mwizi wa Sauti anacheka. Na ana koti zuri."

Fundi alimtazama mdogo wake, mdogo wake akamtazama. Wote wawili walijua mtoto kasema kweli, na kweli hiyo iliwauma zaidi ya Bi Kishindo kuvuliwa joho.

"Koti lake lina mifuko mingi," Fundi alisema taratibu, huku akivuta kitambaa cha kijivu rafuni. "Kifuani, kiunoni, mpaka mikononi. Lazima chupa zipate pa kukaa."

"Kwenye filamu walimpa mifuko miwili," mdogo wake alisema.

"Miwili? Sauti za mji mzima, mifuko miwili?"

"Hata mimi nilishangaa. Niliiona niliporudi kuitazama. Nikasema, hii si akili."

"Ukamwambia nani?"

Mdogo mtu alikuwa ameshika pindo la lile joho lake baya, analikunja na kulikunjua.

"Sikuwa na wa kumwambia," alisema.

Maneno ya lifti yalimrudia Fundi yote, na aliona haya mbele ya shemeji na mtoto. "Nilikukosea, mdogo wangu," alisema. "Kaa." Akamsogezea kiti chake mwenyewe, kile cha cherehani, ambacho hakuna mteja wala jamaa aliyewahi kukikalia.

"Sasa niambie mimi. Anzia mwanzo, na usiruke kitu."

Mdogo wake alikaa, akafuta uso kwa mkono wa shati, akaanza.