Kikohozi cha Watu Wawili

Kilichompeleka Fundi kliniki kilikuwa kikohozi tu. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, aliyeshona sare za shule hadi vidole vikapinda. Baada ya ujane mrefu alikuwa ameolewa tena, na mwalimu mstaafu. Watoto walinuna, lakini yeye aliwaambia hata mzee anahitaji mtu wa kuongea naye jioni.

Makohozi yalionyesha kifua kikuu. Nesi akamwomba apimwe virusi vya UKIMWI pia.

"Pima tu, mwanangu," Fundi alisema akicheka. "Hayo ni mambo ya vijana. Mimi nina wajukuu walioota ndevu."

Nesi hakucheka. Alipoanza kazi pale, benchi lilijaa madereva wa malori na wasichana wa baa. Siku hizi walikuwa bibi na babu za watu, na wengi walifika kifua kikuu kikiwa kimeshawala, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kuwapima.

Majibu yalipotoka, Fundi alishika pindo la gauni lake akawa analinyoosha kwa kidole gumba.

"Tangu nifiwe, ni Mwalimu peke yake," alisema.

"Basi njoo naye, mama."

Mwalimu alikuja kesho yake, suruali ikimpwaya, akikohoa kumshinda mkewe. Nesi aliposhika kidole chake amtoe damu, Mwalimu akakivuta.

"Usijisumbue. Najua."

Alijua miaka mingi. Alikuwa akichukulia dawa mji mwingine, na virusi vilipungua hadi vipimo vikawa havivioni tena. Daktari alimwambia akiendelea hivyo hatamwambukiza mtu. Kisha akaoa, akahamia kwa Fundi: chumba kimoja, kabati moja, cherehani dirishani.

"Ulikuwa unazificha wapi?" Fundi aliuliza.

"Sikuzificha. Niliacha kumeza. Niliogopa ungeziona, ungeniacha."

"Kwa hiyo ungemeza, mimi ningekuwa mzima."

Nesi akatoka nje kidogo, akawaachia chumba.

Wote wawili walianzishiwa dawa, lakini mapafu ya Mwalimu yalikuwa yameharibika mno. Akalazwa. Fundi alimlisha kwa kijiko kila siku, akambadilisha shuka, akamkata kucha, bila kumsemesha zaidi ya lazima. Mara moja tu alimwambia, "Ungeniambia, ningekukumbusha saa ya kumeza." Mwalimu alilia bila sauti. Wiki hiyo hiyo akafa.

Msibani watu walimsifu marehemu kuwa hakuwa na siri na mtu. Fundi alikaa chini, ameegemea ukuta, akaitikia pole.

Kikohozi chake kilikoma. Dawa za kifua zilipoisha, bintiye alimkuta bado anameza vidonge.

"Hivi navyo vya nini, mama?"

Akamwambia yote. Binti alilia sana, akamkumbatia, kisha akauliza kama kaka zake waambiwe.

"Waambie. Mimi sina nguvu ya kuficha."

Likizo ilipofika wajukuu walikuja kama kawaida, wakamwamkia, wakakaa. Mama yao, mke wa mwanawe mmoja, alikuwa amewafungia chakula chao, na sahani zao. Fundi aliziona zikitolewa kwenye mfuko. Akaenda kukaa kwenye cherehani, ingawa siku hiyo hakuwa na nguo ya mtu ya kushona.